Maswali ya Wasomaji: Faili la Kufuli Lililogoma Kuvuka Kutoka Windows Hadi Linux

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwandishi wa programu katika ofisi ndogo hapa Mwanza. Ninatumia kompyuta mpakato yenye Windows, na kazi zangu za Python huzihamishia kwenye seva ya Linux tunayoikodi. Kwa kuwa niliambiwa nifunge matoleo ya vifurushi ili mambo yasibadilike, niliendesha amri ya pip freeze (pip ni programu ya kusakinisha vifurushi vya Python) nikayahifadhi matokeo katika requirements.txt. Kwenye seva, pip iligoma ikisema haioni toleo linalotimiza sharti la pywin32==306, ilhali mimi sikuwahi kukisakinisha kifurushi hicho kwa mkono wangu; nilichosakinisha ni Jupyter na maktaba chache. Nilipoufuta mstari huo, usakinishaji ulikamilika. Je, nimelitatua tatizo au nimelificha?

JIBU: Umelificha. Kifurushi cha pywin32 huiwezesha Python kuzifikia huduma za ndani za Windows, na mafaili yake yaliyomo PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, ni ya Windows peke yake. Ndiyo maana pip ya kwenye seva, ambayo hutafuta mafaili yanayolingana na mashine iliyopo, haikuona hata moja. Kwako kiliingia kwa kuvutwa na kingine. Ukisakinisha Jupyter unapata jupyter_core, na toleo lake la 5.7.2, kwa mfano, linatamka kwamba linahitaji pywin32 pale tu mfumo endeshi unapokuwa Windows.

Masharti ya namna hiyo huandikwa na mwenye kifurushi, yakitenganishwa na jina kwa nukta mkato. Katika taarifa za IPython, ambayo huja pamoja na Jupyter, utaukuta mstari huu:

colorama; sys_platform == "win32"

Maana yake ni kwamba colorama itasakinishwa kwenye Windows tu. (Neno win32 lisikubabaishe, Python hulitumia hata kwenye Windows ya biti 64.) Mstari mwingine wa IPython hiyo hiyo unaagiza pexpect kwenye mifumo isiyo Windows. Kwa hiyo mti wa vitegemezi, yaani vifurushi vinavyohitajiwa na vingine, wa mradi wako hauwi na umbo moja kila mahali: yako matawi yanayoota kwenye mashine yako tu, na yako mengine yanayoota kwenye seva ambayo wewe hujapata kuyaona.

Sasa tazama pip freeze inafanya nini. Haisomi mahitaji ya mradi wala haitatui chochote, yaani haichagui matoleo yanayopatana. Inapita katika mazingira yaliyopo na kuorodhesha kila inachokikuta, kama mtunza ghala anayehesabu magunia bila kuuliza yaliagizwa na nani na kwa safari ipi. Masharti yote yanapotea njiani, na kilichokuwa "pywin32, ikiwa ni Windows" kinatoka kikiwa pywin32==306, amri isiyo na "ikiwa". Hilo ndilo kosa uliloliona. Usiloliona ni la upande wa pili: pexpect haimo kabisa katika orodha yako, wala ptyprocess ambayo pexpect inaitegemea. Ulipoufuta ule mstari, pip ya kwenye seva ilikuta IPython inadai pexpect, ikachukua toleo jipya kabisa lililopatikana siku hiyo. Seva yako, basi, ina vifurushi viwili visivyofungwa, na ukiijenga upya baada ya miezi sita unaweza kupata matoleo mengine bila ujumbe wowote wa kukuonya. Laiti ungekuwa unatumia --require-hashes, pip ingekataa waziwazi, kwa sababu katika hali hiyo kila kifurushi, hata kile kilichovutwa na kingine, lazima kifungwe kwa == na kiwe na hashi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili.

Dawa inaanza kwa kutenganisha mafaili mawili. La kwanza unaliandika kwa mkono, tuliite requirements.in, na ndani yake yawemo yale tu ambayo msimbo wako unayaita moja kwa moja. (Sidhani kama Jupyter inastahili kuwamo humo kwa ajili ya seva, lakini hilo utaamua mwenyewe.) La pili, ndilo faili la kufuli, huzalishwa na programu, na halihaririwi kwa mkono. Kulizalisha kuna njia mbili. Programu ya pip-compile, iliyomo katika pip-tools, hutatua kwa ajili ya mashine inamoendeshwa tu, na waandishi wake wanashauri iendeshwe upya kwa kila mazingira. Utakuwa na faili la Windows na faili la Linux, na hilo la Linux itakupasa ulizalishie kwenye Linux, hata kama ni ndani ya kontena, yaani mazingira ya Linux yaliyotengwa ndani ya kompyuta yako. Njia ya pili ni utatuzi wa jumla, yaani wa mifumo yote kwa mara moja, unaofanywa na programu za Poetry, PDM na uv. Kwa uv, amri ni hii:

uv pip compile --universal requirements.in -o requirements.txt

Katika faili linalozalishwa, masharti yanabaki mahali pake:

colorama==0.4.6 ; sys_platform == 'win32'
pexpect==4.9.0 ; sys_platform != 'emscripten' and sys_platform != 'win32'

Faili hilo moja litasomwa na pip ya Windows na pip ya Linux, kila moja ikiiruka mistari isiyoihusu.

Watu wengi hudhani kwamba utatuzi wa jumla ni programu kujifanya iko Linux, kisha Windows, kisha macOS, na mwishoni kuyaunganisha majibu. Sivyo. uv hutatua huku ikichukulia kwamba kila sharti huenda likawa kweli, na inapokuta madai mawili juu ya kifurushi kimoja, yenye masharti yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, huigawa njia na kila tawi likapata toleo lake. Mfano mzuri ni PyTorch, ambayo mafaili yake ya Mac zenye Intel yaliishia toleo la 2.2.2. Mradi unaotaka kuzihudumia Mac hizo pamoja na seva za Linux unaweza kudai toleo la 2.2.2 kwa Mac za Intel na toleo jipya zaidi kwa mashine nyingine zote. Faili la kufuli litabeba matoleo mawili ya kifurushi kimoja, na hakuna mashine itakayoyasakinisha yote mawili.

Hata hivyo, kazi hiyo yote inategemea dhana kwamba taarifa za kifurushi ni zile zile katika kila faili la toleo husika. Vifurushi vya zamani vyenye setup.py vinaweza kuivunja dhana hiyo, kwa sababu setup.py yenyewe ni programu, na mtu anaweza kuandika ndani yake kwamba mfumo ukiwa Windows kiongezwe kitegemezi fulani papo hapo. Ukiiendesha kwenye Linux, kitegemezi hicho hakionekani, na hakuna kitatuzi kinachoweza kukibahatisha. Mimi nikikuta kifurushi cha namna hiyo, hukitaja mwenyewe kitegemezi chake katika requirements.in pamoja na sharti lake.

SWALI: Mhariri, mimi nimeyafunga matoleo vizuri, kwa hashi, nami ni mtumiaji wa Linux mwanzo hadi mwisho. Kwenye Ubuntu yangu kila kitu husakinishwa kwa sekunde chache. Kwenye kontena la Alpine, matoleo yale yale huanza kukompailiwa kwa dakika nyingi, kisha hufeli kwa kukosa kompaila ya C. Inakuwaje, wakati zote ni Linux? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Kwa pip hizo ni Linux mbili tofauti. Toleo moja la kifurushi huchapishwa kama mafaili mengi, na jina la faili ndilo linaloeleza linakofaa. Chukua hili la numpy:

numpy-1.26.4-cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl

Hapo cp312 ni Python 3.12, x86_64 ni aina ya prosesa, na manylinux_2_17 inasema kwamba faili linahitaji glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, ya toleo la 2.17 au jipya zaidi. Ubuntu inayo glibc. Alpine hutumia maktaba nyingine, musl, badala yake, na mafaili yake huwa na alama ya musllinux, iliyowekewa utaratibu mwaka 2021. Mwenye kifurushi asipochapisha faili la musllinux, pip huangukia kwenye msimbo chanzo na kutaka kuukompaili hapo hapo. Hashi zako hazikuzuia hilo kwa sababu faili la kufuli lililozalishwa vizuri huorodhesha hashi za mafaili yote ya toleo hilo, msimbo chanzo ukiwemo; kwa hiyo namba ya toleo ni ile ile, lakini unachosakinisha ni kitu kingine.

Ongeza --only-binary :all: kwenye amri ya pip, na usakinishaji utagoma mara moja badala ya kukupotezea dakika. Kisha hamia kwenye kontena la Debian la aina ya slim. Ni kubwa kuliko la Alpine, nakubali, lakini ukishaipakia kompaila na vifaa vyake ndani ya Alpine, sehemu kubwa ya tofauti hiyo huisha.

SWALI: Nimesikia kwamba Python sasa ina faili rasmi la kufuli, pylock.toml. Je, nihamie huko na kuachana na haya yote?

JIBU: Muundo wake uliidhinishwa Machi 2025 chini ya PEP 751, mmoja wa nyaraka rasmi za mapendekezo ya Python, baada ya pendekezo la awali, PEP 665, kukataliwa mwaka 2022. Muundo wenyewe unaruhusu masharti ya mifumo mbalimbali, ila kuyajaza ni kazi ya programu inayoliandika faili. Amri ya pip lock, iliyokuja na pip 25.1 kwa majaribio, hutoa faili linalohakikishwa kwa toleo la Python na mfumo wa mashine hiyo tu. Ukiiendesha kwenye Windows na kulipeleka faili kwenye seva ya Linux, hali yako itakuwa ile ile ya msomaji wetu wa Mwanza. Ukitaka pylock.toml ya mifumo yote, izalishe kwa uv export ukianzia kwenye uv.lock, faili la kufuli la uv yenyewe.