Kabla hujauliza "nibaki au niondoke": somo la Willie Miller kwa vijana wanaosajiliwa

Vijana mnaoanza msimu huu, najua swali litakalokuja baada ya mazoezi ya wiki chache tu: "Kocha, nibaki hapa au nitafute timu?" Kabla hatujafika huko, mjueni Willie Miller, beki wa zamani wa Aberdeen ya Uskoti.

Ni mtoto wa Glasgow, mji wa Celtic na Rangers, lakini soka lake lote la kulipwa alilichezea Aberdeen, kule kwenye upepo wa Bahari ya Kaskazini. Alicheza mechi 797, na rekodi hiyo ya klabu bado ni yake. Watu wakiisikia husifu uaminifu. Sawa, ila mimi navutiwa zaidi na alivyoanza. Alisajiliwa kama mshambuliaji, akapelekwa kwa mkopo Peterhead, timu ndogo ya jirani, na huko akafunga sana. Baadaye klabu ikamgeuza beki wa kati. Yaani umetoka kucheka na nyavu, unaambiwa rudi nyuma ukawakabe wenye kazi hiyo. Akakubali.

Hapo ndipo tunapokwama na wengi wenu. Nikimjaribu winga kama beki wa kulia, kabla ya mechi inayofuata mjomba wake ameshanipigia simu kwamba kijana anaharibiwa kipaji. Kijana mwenyewe mazoezini anapanda na mpira kama kawaida, akipokonywa anashika kiuno. Huyo hata akihama timu tano, atakuwa winga yule yule.

Miller hakuwa na mbio za kutisha. Silaha yake ilikuwa kusoma mchezo na kujua muda wa kuingia mguu. Alex Ferguson alipofika mwaka 1978 alimkuta ni nahodha. Pamoja wakatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1980, na tarehe 11 Mei 1983, huko Gothenburg, uwanja umelowa mvua, wakaifunga Real Madrid 2-1 katika muda wa nyongeza na kubeba Kombe la Washindi la Ulaya. Na ule ushambuliaji haukupotea: Aprili 1985, dhidi ya Celtic, ni yeye aliyesawazisha kwa kichwa, sare ya 1-1 ikawapa ubingwa.

Sasa upande ambao wanaosifu uaminifu huuruka. Mwaka 1989 aliumia goti akiichezea Uskoti dhidi ya Norwei, na mwaka uliofuata akatundika daluga. Mwaka 1992 akapewa timu aifundishe. Matokeo yalipokuwa mabaya, Februari 1995 klabu hiyo hiyo ikamfukuza. Mechi 797 hazikumkinga. Alirudi mwaka 2004 kama mkurugenzi wa soka, lakini pengo lile la miaka lilikuwepo.

Kwa hiyo ukiniuliza ubaki au uondoke, nami nitakuuliza: msimu huu umejifunza nini hapa ambacho mwaka jana hukukijua? Ukikosa jibu misimu miwili mfululizo, nenda, nami nitakuandikia barua. Ukiwa nalo, baki, lakini mkataba usiusaini umesimama koridoni huku katibu anakuharakisha. Uchukue nyumbani, usome kipengele cha matibabu ukiumia, na uweke nakala yako.