Re: Mama wa nyumbani ana chake ndoa ikivunjika?

Dada, umeuliza kama asiye na mshahara ana chake mkiachana. Anacho. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, 1971, kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Ubishi ulikuwa hapa: kupika na kulea ni juhudi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikajibu ndiyo. Ajabu, mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Ilionekana alishapewa fedha za mradi wa familia akazitapanya. Waliofaidi ni wenzake waliomfuata.

Shangazi yangu alikwenda mahakamani na daftari lililochakaa: tripu za mchanga, ndoo za maji, siku alizowapikia mafundi. Hakimu alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Lako lipo?