Miguu ya chumbani na upepo wa kusi

Masika ya mwaka jana niliifunga baskeli yangu kwenye stendi chumbani, gurudumu la nyuma limebanwa kwenye roli, nikapiga pedali miezi mitatu bila ya kutia mguu barabarani. Nikajiona nimeiva. Julai nikatoka mjini Unguja kwenda Paje, kusini-mashariki ya kisiwa, karibu kilomita 50, na hata Tunguu sijafika nishaanza kuhema.

Kusi ilikuwa inanipiga usoni. Kwenye stendi unachagua mwenyewe uzito wa pedali, ukichoka unapunguza. Upepo haupunguzwi, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo unavyozidi kukuzuia. Tangu siku ile, Juni mpaka Septemba naelekea Paje, na kaskazi ikishika, Disemba mpaka Machi, naelekea Nungwi, ncha ya kaskazini. Hivyo nahangaika na upepo wakati nguvu bado ninazo, na kurudi nasukumwa mgongoni.

Aibu hasa niliipata siku ile ile ya Paje, kwenye msitu wa Jozani. Kima punju alikatiza njia karibu na matuta, mkono wangu ukachelewa kushika breki. Miezi mitatu sijaigusa, ningewezaje? Kima akaenda zake, mimi nikaingia majanini.

Stendi lakini siiuzi. Ukiwa na dakika 40 tu baada ya sala ya Isha, haina mpinzani: hakuna mteremko wa kupumzikia wala daladala ya kusimama ghafla mbele yako. Mimi napasha misuli kidogo, kisha dakika 4 kwa nguvu na 3 taratibu, mara nne. Ila feni ni lazima. Barabarani mwendo wenyewe unakupepea. Chumbani joto linabaki mwilini na moyo unadunda kuliko kazi unayoifanya. Umeme ukikatika nami nashuka, sibishani.

Na usukani ufunike taulo. Hili nililipuuza, nikaona jasho ni maji tu. Lilidondoka pale pale, usiku baada ya usiku, kwenye boliti zinazoshika usukani. Nilipoipeleka baskeli kwa fundi, boliti ya kwanza ilikatikia ndani. Akaiweka kwenye kiganja, imevimba kutu, akaniangalia.

“Baskeli hii unakwenda nayo kuvua?”