“I didn't informed you”: kosa liko wapi?

SWALI: Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Mtumba, Dodoma. Barua pepe nyingi za ofisini tunaandikiana kwa Kiingereza. Juzi mkuu wangu wa kazi alinirudishia sentensi hii ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu mahali panne, bila maelezo yoyote: “The driver he brought yesterday the letters, I put in the file but I didn't informed you.” Maneno yote nayajua maana. Nimekosea wapi? Na neno “always” linakaa kabla ya kitenzi au baada yake? Nimeliona kote kuwili.
Karani, Mtumba

JIBU: Dada, msamiati wako hauna tatizo, na makosa yote manne yametoka tumbo moja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendewa ndani ya neno moja. Kiingereza huvigawa na kuvipanga kwa foleni. Ukihamisha neno zima bila kulipasua, kuna kipande kitapotea au kitarudiwa.

Tuanze na pale penye madhara makubwa zaidi, “I put in the file”. Kwa Kiswahili ungesema “niliziweka kwenye faili”. Pasua kitenzi: ni-li-zi-weka. “Ni” ni wewe, “li” ni wakati uliopita, “zi” ni zile barua, “weka” ndilo tendo. Kwa Kiingereza “ni” inakuwa “I” na kukaa mbele, “zi” inakuwa “them” na kukaa nyuma ya kitenzi: “I put them in the file.” Wewe umeiacha “zi” njiani. Kiswahili kinakusamehe ukisema tu “niliweka kwenye faili”, kwa kuwa barua zimetajwa punde. Kiingereza hakisamehi: “put” isiyofuatwa na kitu ni sentensi iliyokatika. Hali ni hiyohiyo kwa “received”, “found”, “sent” na “bought”. Ki, li, i, u, zi, vi na ya za ngeli zetu, zikisimama kwa vitu, zote zinaishia kwenye maneno mawili tu, “it” kwa umoja na “them” kwa wingi. Hapo Kiingereza ni chepesi kuliko lugha yetu.

Kumbuka pia kwamba “put” haibadiliki ikienda wakati uliopita. “Cut” na “hit” ni vivyo hivyo. “Read” huandikwa vilevile lakini hutamkwa “red”. Kwa vitenzi hivi, mara nyingi ni kielezi kama “yesterday” kinachomwonyesha msomaji kwamba jambo limeshapita.

“The driver he brought” ni kosa la upande wa pili, kipande kimerudiwa. Kwa Kiswahili “dereva alileta” lazima iwe na “a”, hata kama dereva ametajwa. “He” haifanyi kazi hiyo. Yenyewe husimama badala ya dereva, basi chagua moja: “The driver brought” au “He brought”. “Me I saw” nayo ni “mimi niliona” iliyohamishwa nzimanzima.

Sasa “didn't informed”. Hapa Kiswahili chenyewe kinakufundisha, ukikisikiliza. “Sikukufahamisha” ukiipasua ni si-ku-ku-fahamisha. “Ku” ya kwanza ni ya ukanusho wa wakati uliopita, ya pili ni “wewe”. Hakuna anayesema “sikulikufahamisha”, kwa sababu wakati uliopita ukishabebwa na “ku” hauhitaji kubebwa tena na “li”. “Did” inafanya kazi ya “ku” hiyo: imeshaubeba wakati, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la asili. “I didn't inform you.” Vilevile “she didn't go”, si “went”, na kwenye swali, “Did you receive it?” Kila ukiona “did”, kagua kitenzi kinachofuata.

Kuna mtego mwingine wa wakati ambao hukuuliza lakini kwenye ripoti utakutana nao. Sisi tuna “ka” ya kusimulia: “Alikwenda Majengo, akanunua zabibu, akazileta ofisini.” “Li” imetajwa mara moja tu. Kiingereza hakina “ka”, hivyo kila kitenzi kinavaa wakati uliopita upya: “He went to Majengo, bought some grapes and brought them to the office.” Wengi huandika “went” vizuri kisha wakateleza kwa “buy” na “bring”.

Mahali pa nne ni “yesterday”. “Alileta jana barua” inapita kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza, usiingize kielezi cha wakati kati ya kitenzi na kitu kinachotendewa. Kipeleke mwisho au mwanzo kabisa wa sentensi. Vikikusanyika vielezi kadhaa, mpangilio wa kawaida ni namna, mahali, kisha wakati: “She typed the report carefully in the office yesterday.” Na “yesterday” haikai na “have”. Kwa mdomo tunasema “nimemtumia jana”, lakini “I have sent it yesterday” ni kosa. Andika “I sent it yesterday.” “Last week”, “two days ago” na “in 2018” zinafuata kanuni hiyohiyo.

Sentensi yako ikinyooka inasomeka hivi: “The driver brought the letters yesterday. I put them in the file but I didn't inform you.” Nimeikata kuwa mbili, kwa sababu mkato peke yake hauungi sentensi mbili kamili.

Kuna vielezi vifupi, kama “in”, “back” na “up”, vinavyoshikamana na kitenzi na kugeuza mpangilio. “I filled in the form” ni sawa, “I filled the form in” ni sawa. Fomu ikigeuka kiwakilishi, lazima kikae katikati: “I filled it in.” “I filled in it” haisemwi. Barua ulizozirudisha ni “I sent them back.”

Kuhusu “always”, umeliona kote kuwili kwa sababu inategemea kitenzi. Hutangulia kitenzi cha kawaida: “He always came early.” Hufuata “was” na “were”: “He was always early.” Penye “didn't” huingia katikati: “He didn't always come early”, yaani si kila siku aliwahi. Hapo kuwa mwangalifu sana unapoandika kuhusu mahudhurio ya mtumishi. Ukiandika “He always didn't come early”, umesema hakuwahi hata siku moja.