Waya wa Umeme na wa Ethi kwa Amplifaya ya Gari: Anza na Ampea

Watu wengi wanaofunga sabufa kwenye gari huchagua amplifaya kwa makini, kisha hununua waya wowote unaotoshana na fedha zilizobaki. Kwa uzoefu wangu wa kufunga muziki kwenye magari hapa Dar es Salaam, nashauri waya upangwe mapema, kwa sababu amplifaya haiwezi kutoa nguvu ambayo haijaifikia.

Piga kwanza hesabu ya mkondo. Amplifaya ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) yenye wati 500 za RMS, yaani nguvu inayoweza kutoa mfululizo, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80 hivi, huvuta takriban ampea 48 kwenye volti 13. Zile wati 2000 zilizoandikwa kwenye boksi usizihesabu. Kwa mita 5 kutoka betri hadi buti, waya wa shaba wa namba 8 (kwa kipimo cha AWG, ambacho namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi), wenye milimita za mraba 8 hivi, hupoteza nusu volti, ilhali wa namba 4, wenye milimita za mraba 21, hupoteza volti 0.2 tu. Mimi hufunga namba 4.

Nao uwe wa shaba tupu. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyovikwa shaba, ambayo hupitisha umeme vibaya zaidi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukitokea weupe ndani, rudisha. Unene wa plastiki ya nje hauthibitishi chochote.

Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, maana kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka na kugusa bodi.

Ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya amplifaya na bodi ya gari, ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo inayonisumbua moyo. Uwe na unene uleule wa waya wa betri, uwe mfupi, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi likang'aa. Bolti za mkanda wa usalama ziachwe kabisa. Gari moja nililoletewa lilikuwa na mluzi uliopanda kila mafuta yalipokanyagwa, na mwenyewe alikwisha kushauriwa anunue amplifaya nyingine. Niliweka ncha moja ya mita ya volti kwenye ethi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukipiga: volti 0.9 zilikuwa zinapotea. Chini ya kichwa cha waya kinachofungwa kwa bolti, rangi ya kiwandani ilikuwa nzima. Baada ya kupiga msasa ilibaki volti 0.1, na mluzi ukakoma.

Huku pwani hewa ya chumvi hula bati lililo wazi, kwa hiyo ukishakaza nati paka grisi juu ya kiungo, na upime tena kila baada ya miezi michache.