Televisheni ilipopoteza chogo

Kabati lilikuwa la mninga: milango miwili ya vioo juu, droo tatu chini, na katikati tundu lililopimwa kwa televisheni ya inchi 21. Mama alilitengenezesha Tanga, kwa seremala wa Ngamiani, akanipa nilipoolewa. Lilifika Tabata, Dar es Salaam, juu ya fuso, limezungushiwa magodoro kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwa miaka kumi na kitu lilikaa sebuleni na televisheni ya chogo tumboni, kitambaa cha kufuma juu ya chogo, na juu ya kitambaa maua ya plastiki niliyokuwa nikiyaosha kwa sabuni ya unga kila Jumamosi.

Mwaka 2014 tukanunua televisheni bapa ya inchi 32. Upana wake unakaribia sentimita 73, tundu lilikuwa na 60. Mume wangu akaita fundi apanue. Fundi akapiga msumeno ubavuni, upande ule ule uliobeba rafu ya juu, na usiku tukasikia vioo vinalia. Asubuhi rafu imelala. Kabati tukaliuza kwa bei ambayo mpaka leo mama hajaambiwa, tukanunua stendi nyeupe inayong'aa ya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Haikumaliza masika mawili. Maji ya deki yaliingia miguuni, ikavimba kama andazi.

Wadogo zangu wanaohamia nyumba mpya huniuliza: dada, kipi kimepitwa na wakati tusikiweke? Siku hizi sijibu kabla ya kuuliza kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi gani. Vile vitambaa vya juu ya televisheni, kwa mfano. Tuliwacheka mama zetu miaka nenda rudi na wala hawakutusikiliza. Kilichowashinda ni televisheni yenyewe: ilipoteza chogo, kitambaa kikakosa pa kukaa.

Vya mgongoni mwa makochi ni habari nyingine. Vile vilikuwa vinazuia mafuta ya nywele. Hata Waingereza wa karne ya 19 walikuwa navyo, kwa sababu wanaume wao walipaka mafuta ya Macassar kichwani na kuchafua viti vya watu. Kitambaa chenyewe wakakipa jina lenye maana ya kuyapinga mafuta hayo. Kwetu yalikuwa mafuta ya nazi. Sisi wasichana tulijifunza kufuma na kudarizi kwenye somo la sayansi kimu, tukafumia nyumba nzima: makochi, redio, friji, mpaka chupa ya chai ikawa na kofia. Mtindo umekwisha, sawa, ila mafuta ya nywele hayajaisha. Nilivitoa vyote kwa mpigo, na ndani ya mwaka mmoja kochi langu jipya la rangi ya krimu lilikuwa na vivuli vya vichwa vitatu, ukivitazama unajua nani hukaa wapi. Ukinunua makochi leo, agiza yenye kava za kuvua na kufua. Kama ni ya kushonewa moja kwa moja, tandika hata kanga mgongoni wageni wakiwa hawapo.

Kabati la vyombo nalo watu wanalisema sana kwamba ni ushamba. Mimi sioni ushamba katika kuonyesha vyombo. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina kuta za zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, na humo waungwana walipanga sahani na bakuli zilizovuka bahari. Hapa hapa Dar, nenda Kunduchi ukaone makaburi ya nguzo: bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za marehemu. Kwa hiyo mama yangu hakuanzisha kitu. Kinachochosha ni kufuli. Tulikuwa na bilauri sita zenye ukingo wa dhahabu, na ninakumbuka zikitoka mara mbili tu: siku ya posa yangu na siku ya arobaini ya babu. Watoto tulikunywea vikombe vya bati. Kama umerithi kabati la mninga au mvule, usiliuze. Ng'oa milango ya vioo, weka vitabu, weka vyombo unavyokulia kila siku, lipige msasa na vanishi upya. Umbo lake ndilo lililozeeka. Mbao yenyewe bado inatufaa.

Sasa nije kwenye dari ya jipsamu, maana hapa ndipo pesa yangu nyingi ilipozikwa.

Mwaka 2016 tulikuwa tunamalizia sebule. Fundi akaja na simu yake, picha baada ya picha: dari ya ngazi tatu, katikati umbo kama jani, pembeni mkanda wa taa za bluu na zambarau. Nikamuuliza hilo jani la nini. Akasema, "Mama, hiyo ndiyo inayotembea mjini." Tukakubali. Wiki ya kwanza majirani walikuja kuangalia, nikawa nawasha taa za bluu saa kumi na moja jioni kabla hata giza halijaingia.

Halafu maisha yakaanza. Kile kijiukingo kinachoficha taa kinakusanya vumbi usiloliona mpaka feni ikishika kasi. Buibui wanakipenda, mijusi wanakipenda zaidi. Kukisafisha kunataka ngazi, na mtu wa kushika ngazi. Mkanda wa taa ulianza kufa vipande vipande, upande wa dirishani ukabaki bluu, upande wa mlangoni giza, tukaonekana kama baa iliyofungiwa leseni. Ngazi zile tatu zilikula kimo cha chumba, na feni tukaitundika chini kiasi kwamba mjomba, ambaye ni mrefu, akinyoosha kanzu huinama kwanza. Na joto la Dar mnalijua, ukishusha dari unalikaribisha likae kichwani.

Pigo lilitoka juu. Msumari mmoja wa bati ulilegea, mvua za masika zikapata njia. Jipsamu ni unga uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Ikinywa maji haina ujanja. Kwanza duara la kahawia kama alama ya kikombe cha chai, kisha likazaa maduara mengine, kisha jani likaanza kuning'inia. Kwa hiyo kama bado hujaweka: kagua bati kwanza, tena mvua ikinyesha, panda mwenyewe na tochi. Weka dari bapa, acha tundu lenye mfuniko ambalo mtu anaweza kupita kwenda kutazama juu. Sisi hatukuwa na tundu. Kutafuta msumari mmoja ilibidi tutoboe dari.

Karatasi za kubandika ukutani sitazipa nafasi kubwa. Kuta nyingi za huku pwani zinapandisha unyevu na chumvi kutoka chini. Ukishaona rangi inajimenya karibu na sakafu, ujue karatasi nayo itajimenya. Yangu yenye picha ya matofali ilitoa mapovu mvua ya kwanza, na nilipoibandua nikakuta nyuma yake ukuta mweusi wa ukungu. Kapeti la manyoya nalo niligawa baada ya mtoto kukohoa miezi miwili. Mkeka wa ukindu unakung'utwa nje na kuanikwa, basi.

Jambo moja bado linaniuma. Nyumba ya Tanga ilikuwa na sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ukajiona uso. Mimi ndiye niliyemshauri mama aifunike kwa marumaru nyeupe, kwamba sakafu nyekundu ni ya zamani. Marumaru zikimwagikiwa maji zinateleza, na mama sasa ana miaka sabini na kitu, anatembea kwa kushika ukuta. Mwaka jana nikaingia hoteli moja ya hapa mjini, ya bei mbaya, nikakuta sakafu nyekundu ile ile, wageni wanaipiga picha. Ushauri wangu kwa sakafu ni kwamba uitazame kwa macho ya mzee atakayeipita usiku akienda msalani. Rangi ya ukuta, mapazia na mito unaweza kubadili kila mwaka ukitaka, hata kwa mapazia ya mtumba. Sakafu na dari utaishi navyo.

Mwezi uliopita tuliamua kuibomoa ile dari. Nilimpigia fundi niliyepewa namba na jirani, akaja, akasimama katikati ya sebule, akatazama juu kwa muda. Akaanza kucheka. "Mama, hili jani si nililiweka mimi?" Nikamuuliza kulibomoa ni kiasi gani. Akataja bei iliyozidi ya kuliweka.