Laravel, Django au Node.js kwa mfumo wa chama cha akiba?

Ndugu yangu, nimekuelewa kwamba unajenga mfumo wa kutunza hisa na mikopo ya wanachama 200 wa chama cha akiba, unaijua kiasi PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, na marafiki wanakuvuta, huyu kwa Django (kiunzi, yaani msingi wa programu ulioandaliwa tayari, cha lugha ya Python), yule kwa Node.js (inayoendesha lugha ya JavaScript kwenye seva).

Kwa hali yako ningebaki na PHP kupitia kiunzi chake Laravel, kwa kuwa lugha unaijua tayari na karibu kila seva ya bei nafuu ya kukodi huipokea, ilhali hizo nyingine mara nyingi hudai seva utakayoisimamia mwenyewe. Django, iliyotolewa mwaka 2005, huja na kurasa za msimamizi zilizokwisha kutengenezwa. Ungekuwa unaijua Python, ningekushauri vingine. Node.js hufaa zaidi penye miunganisho mingi inayokaa wazi kwa pamoja, kama gumzo, nawe huna haja hiyo.

Lililo zito zaidi ni hifadhidata. Chagua PostgreSQL au MySQL, hifadhi fedha kwa aina ya desimali, kamwe si kwa namba za nukta inayoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio (niliwahi kutafuta senti zilizopotea kwa wiki nzima), na ufunge kila malipo ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (hatua kadhaa zinazohesabiwa kama moja), ili yakikwama katikati yabatilike yote.

Kabla ya kupokea fedha halisi, mlipe mtaalamu wa usalama aukague mfumo; na ikiwa mko Tanzania, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwani mtahifadhi taarifa za watu.